Ukurasa wa Vyuma

Bukavu, 14 Februari 1999

Yaya Carmel,

Pokea salamu za watu walio hai. Hapa kwetu hiyo ndiyo salamu nzima, mengine ni mapambo. Maman Nsimire yuko palepale Bagira na sungura wake. Anasema magoti yanamuuma, ila wewe usiambiwe, kwa hiyo sijakuambia. Mke wangu Mapendo hajambo, nami sijambo. Tunamsalimu sana shemeji Willy, na tunamwombea avumilie hiyo baridi yenu ya Namur.

Najua redio zenu zimekueleza kwamba tangu Agosti tumekombolewa kwa mara ya pili. Ukombozi wa kwanza uliondoka na gari moja la ofisi yetu ya afya ya parokia. Huu wa pili umeondoka na lile lililobaki, maana wakombozi hawapendi kazi ya nusunusu. Sasa chanjo za watoto wa Mumosho zinasafiri kwa baiskeli, na dereva ni ndugu yako mwenyewe.

Baiskeli unaikumbuka. Ni ile nyekundu ya milimani aliyotuachia yule kijana Mholanzi aliyepanda ndege ya mwisho mwaka 96 bila kuaga. Ni chuma kitupu toka mbele hadi nyuma, hakuna panapojikunja. Sanduku la baridi nalibeba mgongoni kwa mikanda. Kila jiwe la barabara linapanda gurudumuni, linapita kwenye uma wa mbele, linaingia mikononi, linafika mgongoni na kuzisalimia chupa. Mwezi uliopita zilipasuka nne, na chupa moja ni watoto kumi. Daktari wetu amesema zikipasuka nyingine atafunga safari za Mumosho, watoto wangoje amani. Wewe unajua amani yetu huwa inakuja kwa ratiba gani.

Nimesikia kwamba huko kuna uma wa mbele unaomeza mawe, wenye resori ndani, yaani chuma kilichojisokota kama mkia wa nguruwe. Hapa anayeufahamu ni Jacques, fundi wa Cimpunda, naye aliuona kwenye picha. Nitafutie mmoja, yaya. Usiwe wa fahari, wale askari wa barieri, wanaofunga barabara na kupekua mizigo, wana macho.

Barua inabebwa na Masœur Eulalie, mtawa wa parokia yetu, anakuja huko kwenye mkutano wa shirika lao. Ukipata nafasi mlishe vizuri, anasema chakula cha Ulaya hakina ladha lakini humaliza sahani.

Mdogo wako,
Zagabe


Namur, 28 Machi 1999

Mdogo wangu Zagabe,

Barua yako imefika, na Masœur amekula kuku mzima. Hapa sote wazima. Mimi bado niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, ambako digrii yangu ya kemia inanisaidia kutofautisha shuka chafu na shuka safi. Willy anawasalimu, yuko safarini kwa shughuli zake. Mwambie maman kwamba sijaambiwa lolote juu ya magoti, na kwamba dawa ya kuchua iko kwenye mfuko wa Masœur.

Sasa tuje kwenye huo uma wako. Nilikwenda kwa mzee Gérard, mwenye duka la baiskeli karibu na daraja, nikamwambia nataka uma wenye resori. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kiatu bila kuambiwa ni cha mguu gani. Kumbe uma hauchaguliwi kwa rangi. Anataka kujua ule mrija wa juu, unaoingia kwenye fremu, una unene wa inchi moja au inchi moja na ushei. Anataka kujua kama juu una hesi, zile za kuzungusha kama za mfuniko wa chupa, au ni laini tupu. Ukiwa wa hesi, basi urefu wake lazima ulingane na fremu yako kwa milimita, maana hesi hazifiki chini kote na huwezi kukata tu kama muwa. Anataka kujua breki zako zinabana wapi. Anataka pia kimo cha uma wa sasa, toka katikati ya gurudumu hadi pale miguu miwili inapokutana, kwa sababu uma mrefu mno utainua pua ya baiskeli, nawe utakuwa unapanda Mumosho ukitazama mbingu. Nilimwambia hiyo ndiyo desturi ya watu wa Bukavu tangu zamani, hakucheka.

Mwisho anataka uzito wako, pamoja na wa sanduku. Resori huchaguliwa kwa uzito wa mtu: mzito apewe ngumu, mwepesi apewe laini. Usione haya. Nakumbuka tumbo lililoingia kanisani siku ya harusi yako, na wewe ukafuata. Kapande kwenye mizani ya Philémon wa kahawa, ile inayobeba gunia haitashindwa na wewe.

Chora kila kitu, wewe uliyekuwa ukijisifu kwa michoro shuleni. Weka kwenye karatasi ya peke yake, ili Gérard aishike bila kusoma habari za sungura.

Dada yako,
Carmel


Bukavu, 2 Mei 1999

Yaya Carmel,

Hatujambo, sisi na sungura. Magoti ya maman, ambayo hayaumi, yamepata nafuu kwa dawa ambayo hakuiomba.

Barua yako nimeisoma Jumapili baada ya misa, pale Bagira, kwa sauti, mbele ya ukoo mzima na majirani wawili, kama ilivyo sheria ya maman: barua ya Carmel ni ya wote, na jibu lake husomwa vilevile kabla ya kutumwa. Mpaka kwenye kuku wa Masœur walikuwa wanasikiliza. Nilipofika kwenye inchi na hesi, watu wakakumbuka kwamba wana chai. Maman akafunga macho, rozari mkononi, akalala. Sasa nyumbani wanauita ukurasa wa vyuma, na mtoto akisumbua anatishiwa kwamba atasomewa.

Basi, vyuma ndivyo hivi. Nimeazima kipimo cha maabara kwa mwalimu wa fizikia. Mrija ni inchi moja na ushei, una hesi juu, breki zinabana rimu. Mengine yote yako kwenye mchoro, karatasi ya peke yake kama ulivyoagiza. Nimekuchorea uma wa zamani, na pembeni nikakuchorea ule ninaoutaka: mirija miwili, resori ndani, milimita zote, na jina langu chini kwa herufi nzuri, ili Gérard ajue kwamba huku kuna watu waliosoma. Nimeuchora mara tatu mpaka Mapendo akaona wivu.

Uzito ni kilo themanini na sita bila sanduku. Mizani ya Philémon imeharibika, lakini kadi yangu ya daktari ya mwaka 95 inasema themanini na sita, na mimi si mtu wa kubadilikabadilika. Sanduku likiwa na barafu ni kilo saba.

Tangu nikuandikie imepasuka chupa moja tu, na daktari amejifanya hakuiona. Hataweza kufanya hivyo mara mbili. Barua anabeba Honoré, mwalimu mwenzangu wa zamani, anavuka kesho kwenda Kigali. Willy salamu.

Zagabe


Namur, 20 Juni 1999

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nimehama, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Ni chumba kilicho juu ya duka la Gérard, ni karibu na kazi.

Barua yako imefika, asante. Karatasi ya mchoro haimo. Umeisifu mistari saba, umeichora mara tatu, mkeo ameionea wivu, kisha umeisahau mezani. Hiyo ndiyo sababu nilikuwa nakuangalizia mkoba kila asubuhi mpaka darasa la sita. Gérard alinyoosha mkono apokee vipimo, nikampa sungura.

Tuma tena, haraka. Watoto wa Mumosho hawawezi kuchanjwa kwa majivuno yako.

Carmel


Namur, 22 Agosti 1999

Zagabe,

Miezi miwili kimya. Najua huko karatasi ni chache na wasafiri ni wachache. Lakini binti wa jirani yenu amepata njia ya kumwandikia binamu yake wa Liège kurasa nne juu ya harusi, na katika kurasa hizo nne wewe humo, hata kama mgeni aliyekula sana.

Nimekosea nini? Ni ule utani wa tumbo? Kama ni huo nauondoa. Andika hata mstari mmoja.

Carmel


Bukavu, 19 Septemba 1999

Yaya Carmel,

Salamu nyingi. Maman hajambo, sungura wamezaa, Mapendo hajambo. Nami sijambo.

Tumbo halikunikasirisha, libaki palepale. Nilikuwa na shughuli nyingi tangu mwezi wa tano. Mwandiko huu usikushangaze, najifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Wazungu wanasema inaongeza akili, nami nikaona akili haijawahi kumdhuru mtu.

Mchoro hautakuja. Hamu ya kuchora imeniisha, mtu anaweza kuacha kuchora kama anavyoacha sigara. Nakupa vipimo kwa maneno tu, na nakuomba na wewe unijibu kwa maneno, usichore hata duara. Mrija una urefu wa milimita mia moja sitini na tano, na hesi zinashuka arobaini. Kutoka katikati ya gurudumu hadi miguu inapokutana ni mia tatu tisini na tano. Uzito andika themanini na sita kama mwanzo. Philémon bado hajatengeneza mizani yake.

Safari za Mumosho zilisimama kwa sababu dereva alikuwa na shughuli, kama nilivyosema. Kule surua imeanza. Wamezika watoto sita kwenye parokia moja. Daktari anasema Januari turudi barabarani, lakini mikono yangu haiyapendi tena mawe kama zamani, yaya. Huo uma nauhitaji kuliko nilipouomba. Ukipata ulio laini, chagua laini.

Maman anauliza kwa nini Willy hasalimu.

Zagabe


Namur, 7 Novemba 1999

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na pongezi kwa sungura. Kazi inaendelea, shuka haziishi.

Uma umepatikana, na nitakueleza tulivyouchagua ili usiseme nilichukua wa kwanza nilioukuta. Mrija wa hesi siku hizi unatafutwa kama dhahabu, maana wenye maduka wameamua kwamba hesi ni ushamba. Gérard amepekua sandukuni kwake wiki tatu. Kulikuwa na wa mipira ndani, lakini mipira inakauka na kuvunjika, na Cimpunda hawaiuzi. Kulikuwa na wa hewa, mwepesi na wa bei ya mbuzi wanne, ila unataka pampu yake ya pekee, na pampu hiyo ikifika barieri itapata mwenyewe mpya. Tumechukua wa resori ya chuma. Resori haiombi kitu. Ikiharibika au ikikosea, unafungua juu, unatoa, unaweka nyingine.

Nilitaka unaoshuka milimita mia moja, nikidhani kikubwa ndicho kizuri. Gérard alikataa kabisa. Alisema baiskeli yako ilizaliwa bila resori, fremu yake inataka themanini, na mia itaiinua mpaka usukani uanze kuyumba. Uma huu una vishikizo vya breki za rimu. Jacques akumbuke kung'oa kile kipete cha chuma chini ya mrija wa zamani na kukipigilia kwenye mpya, taratibu, kwa mrija wa bomba na si kwa patasi.

Resori ni ya mtu wa kilo tisini na tatu, wewe na sanduku lako. Uliomba laini, lakini Gérard anasema laini chini ya mtu mzito itagonga mwisho na kukurushia mawe yote kwa pamoja. Jacques akishaufunga, funga uzi kwenye mguu mwembamba wa uma, usukume chini mpaka uguse, kisha panda na sanduku mgongoni, ushuke taratibu, upime uzi umepanda kiasi gani. Iwe kama milimita kumi na tano au kumi na sita. Niandikie namba.

Masœur Eulalie, aliyekuja tena kwa mkutano wao, anaubeba katikati ya nguo zake za utawa. Mwandiko wako wa kushoto ni mbaya, na bado hujaniambia ni shughuli gani.

Carmel


Bukavu, 16 Januari 2000

Yaya Carmel,

Heri ya mwaka, na ya karne kwa wanaoihesabu hivyo. Uma umefika. Pale barieri walimuuliza Masœur hiki ni nini, akajibu ni mguu wa bandia wa kilema mmoja wa Mumosho. Wakaupokeza mkono kwa mkono kwa heshima na kumtakia mgonjwa nafuu. Tangu siku hiyo anaungama kila Ijumaa, na padri ameshachoka kumsamehe.

Jacques aliufunga kwa siku mbili, kazi ya saa mbili, kwa sababu Cimpunda nzima ilipita kuusukuma. Unang'aa. Kila anayeuegemea unashuka na kupanda, watu wanacheka. Philémon aliuegemea akasema angekuwa nao njiani angepunguza dhambi ya kutukana mawe.

Ila mimi ukinibeba unanyamaza. Nimefunga uzi kama Gérard alivyosema, nimepanda na sanduku mgongoni, nimeshuka, nimepima. Milimita tatu. Nimerudia mara tano, Jacques akapima mwenyewe, ni tatu. Njiani mawe yanapita kama zamani, mikono inawaka moto, na safari iliyopita nilitembea kwa miguu kutoka nusu ya njia nikisukuma baiskeli yenye uma wa kisasa. Chupa zilifika nzima, lakini nilifika jioni, na kina mama wengi walikuwa wamekwisha kurudi na watoto wao. Kwa mwendo huo daktari ataifunga njia, na safari hii hatakosea.

Mwambie Gérard kwamba Wabelgiji wamekuwa wakituletea vitu vigumu tangu zamani, lakini hiki nilikilipia.

Maman anauliza tena juu ya Willy.

Zagabe


Namur, 20 Februari 2000

Zagabe,

Hii yote ni ukurasa wa vyuma. Wape wengine chai kwanza.

Nilimpelekea Gérard namba yako. Alikuwa anakula, akaacha kula. Alichukua penseli, akahesabu, akahesabu tena, kisha akaniuliza kwa upole kama aliyepanda baiskeli ni mtoto. Nikasema hapana, ni ndugu yangu, mtu mzima, mnene. Akasema, “Madame, huyu mtu si mnene.”

Resori haina siasa. Haijui heshima wala haya, haikuoni wewe ni nani, inasema tu kilichokaa juu yake. Mimi nimepanda ngazi nikakaa kitandani na barua zako zote, nikaziweka kwa tarehe. Mei uliandika kwa mkono wa kulia, karatasi ya mchoro ikapotea. Miezi minne hukuandika. Septemba unaandika kwa mkono wa kushoto, unaogopa hata duara, na mizani ya Philémon imevunjika tangu Mei, mizani ambayo tangu tulipokuwa watoto haijavunjika hata siku moja.

Nilikutania kwa sababu nilidhani uko sawa. Sitaki utani sasa, nina hofu, nashindwa kulala. Walikufanya nini? Na uzito wako ni kiasi gani? Gérard ameweka resori tatu mezani, za rangi tatu, anangoja namba ya kweli.

Dada yako


Bukavu, 9 Aprili 2000

Yaya Carmel,

Umeuliza kwenye ukurasa wa vyuma, nami najibu kwenye ukurasa wa vyuma, kwa kuwa huu maman huwa anaulalia.

Ile karatasi sikuisahau mezani. Ilifika vizuri mpaka barieri ya Ruzizi. Aliyefungua bahasha ya Honoré aliona mirija miwili, resori, milimita, na jina langu chini kwa herufi nzuri. Aliona bunduki. Ya aina gani hakujua, ndiyo maana walinichukua nikae kwao siku kumi na tisa, tuitafute pamoja. Honoré walimwacha apite na zile karatasi zilizobaki, kwa kuwa sungura hawana risasi.

Walinipa kalamu nichore tena. Nikichora ilivyo, walisema naficha. Nikikosea mstari, walisema nimebadilisha ushahidi. Nadhani nilichora mara thelathini, na hakuna aliyewahi kuwa na subira hiyo kwa michoro yangu, hata mwalimu. Kwa kuwa mkono wa kulia ndio uliokuwa unachora, waliamua kuuhoji wenyewe. Mifupa imeungana sasa, ila imeungana inavyotaka. Chakula sitakieleza.

Siku ya kumi na tisa wakamleta mkubwa wao mmoja, mtu mzima, viganja vyeusi kwenye mikunjo. Akautazama mchoro, akaugeuza, akawatoa wale wengine nje. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, “Hii iko na hesi ao iko bila hesi?”

Nililia, yaya. Siku zote zile sikulia, lakini niliposikia swali hilo nilijua nitarudi nyumbani. Alikuwa fundi wa baiskeli kwao kabla ya kuvaa zile nguo. Nikamwambia iko na hesi. Akasema hizo ni ngumu kupatikana, na kwamba nisikubali ya milimita mia, nichague themanini. Aliyasema hayo miezi sita kabla ya Gérard wako. Mchoro akabaki nao, sijui kwa nini, labda aliupenda.

Sikukuambia kwa sababu mchoro uliuomba wewe. Nakufahamu. Mimi walinifunga siku kumi na tisa, wewe ungejifunga mwenyewe maisha yako yote. Usifanye hivyo. Uliomba kile ambacho mtu yeyote wa nchi yenye akili angeomba.

Uzito wangu andika sabini. Nimeshuka kidogo, narudi. Mikono itazoea.

Ndugu yako,
Zagabe

Dada Carmel, ni mimi Mapendo ninayeandika hapa chini. Zagabe alipomaliza kutusomea barua hii, maman alifungua macho akaniambia nishike kalamu. Mwenyewe ametoka nje kwenye sungura. Maneno haya ni ya maman, naandika anavyosema:

Carmel mutoto wangu. Ndugu yako anawaza mi nalalaka wakati anasoma ile karatasi ya vyuma. Muzazi gani atalala wakati batoto yake banasemana? Nafungaka macho juu ya yeye asome bila haya.

Ile sabini iko bongo, anakudanganya. Balance ya Philémon haikuvunjika hata siku moja. Juzi nilimupeleka pale na mukono yangu, nikamupandisha sawa mufuko wa kahawa. Iko kilo makumi tano na mbili. Zile makumi munane na sita zilikuwa za Zaïre. Inchi yetu ilibadilisha jina, na zenyewe zikaenda. Tuma resori ya makumi tano na mbili, na saba ya sanduku. Batoto ba Mumosho banangoja.

Bwana yako Willy alitusalimia mara ya mwisho mwezi wa tatu ya mwaka jana. Kisha ukahama nyumba, ukasema ni karibu na kazi. Mi nikafunga macho, sikuuliza.

Sasa nauliza. Wewe, kilo yako iko ngapi?